Hitma Nyumbani kwa Mwalimu Filomena

Jumamosi tulimzika Mwalimu Filomena. Nilikaa benchi la nyuma kanisani, kofia yangu ya viua nimeikunja mfukoni, nikawa nasimama wanaposimama na kukaa wanapokaa, nimechelewa kidogo kila mara kama mtu anayejifunza ngoma ya wenyewe. Baada ya makaburini tukateremka ukumbi wa chini wa kanisa, hapa Mississauga, ambako wanawake wa Kigoa, Wahindi Wakatoliki, walikuwa wameandaa meza ndefu ya vyakula. Mmoja wao akanionyesha kwa kijiko: "Hii ya nguruwe. Hii ya nguruwe. Hii pia. Wewe kaa na sambusa." Nikakaa na sambusa zangu pembeni. Lorna, binti ya marehemu, ambaye sasa naye ana mvi, akanijia na kikombe cha chai. Lorna anasikia Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza; ndivyo alivyo tangu nimjue. Akaniambia, "Salim, usiondoke. Kuna jambo la Mama nataka kukuuliza, na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza." Kisha akaitwa kupokea rambirambi, akaniacha na chai yangu, sambusa zangu na mwaka ule nilioishi nyumbani kwa mama yake.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni Toronto, mpakuzi wa mizigo kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Nililala sebuleni kwa watu, na watu wameanza kunichoka. Nilikuwa na koti la kuazima na neno moja la baba yangu. Siku ya kuondoka Mombasa, baba alinishika mkono, mzee ambaye maisha yake yote alishona kanzu na kugombana na watu kwenye domino, akaniambia: "Mimi na wewe huenda tusionane tena. Nikifa usihangaike kuja. Lakini unisomee hitma huko uliko. Na usinisomee peke yako kama mwizi. Tafuta watu." Nilimjibu inshaallah kwa haraka, kama kijana anavyojibu mzee akitaja kifo. Kumbe neno lile lilipanda ndege pamoja nami. Kila nikiangalia huku na huku Toronto, najiuliza: watu gani? Nyumba gani? Siku ikifika, nitamsomea wapi?

Mwalimu nilimpata dukani. Lilikuwa duka la vyakula vya Kihindi, nami nimesimama mbele ya rafu na pakiti ya unga wa mahindi mkononi, nikiulaani kwa Kiswahili, kwa sababu niliununua wiki iliyopita nikapika sima ikanitokea uji. Sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu, kwa lafudhi ya Mvita safi kabisa: "Huo si wa sima, mwanangu. Huo paka samaki ukaange." Nikageuka. Bibi wa Kigoa, mfupi, miwani kubwa, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Wallahi nusura niangushe pakiti. "Wewe wa wapi?" akaniuliza. Kibokoni, nikamwambia. "Mimi Makadara. Nimesomesha historia wasichana wa Mombasa mpaka nikastaafu. Unakaa wapi hapa?" Nikasema, kwa watu. Akanitazama koti, akanitazama viatu, akasema, "Kwa watu si pahali pa kukaa. Beba huo mfuko wangu wa vitunguu, twende."

Chumba changu kilikuwa chini ya ardhi, na dirisha lake dogo lilionyesha theluji tu na miguu ya majirani. Mashine ya kupasha nyumba joto ilinguruma ukutani usiku kucha. Juu kulikuwa na sebule yenye picha za watakatifu kutoka mlango hadi mlango, na katikati yao Moyo Mtakatifu wa Yesu na taa nyekundu ndogo isiyozimwa. Jikoni kulinuka siki, bizari na kitunguu saumu. Mumewe alikuwa ameshafariki, Lorna ameolewa Vancouver na kazi yake kupiga simu Jumapili. Mwalimu alikosa mtu wa kumfundisha. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Alikuwa na sheria moja mezani: habari za baridi hazizungumzwi. "Baridi ipo, imeonekana, basi," alisema. Badala yake, kila chakula cha jioni alichagua mwaka mmoja, akauzungusha duniani kote kabla hatujamaliza kula. Na miaka yake yote aliitoa sehemu moja, mwanzo wa karne ya kumi na saba. Nilimuuliza kwa nini hapo tu. Akaacha kijiko. "Kwa sababu hapo ndipo dunia ilipojuana, Salim. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa nyumbani kwake. Mara watu wote wakaanza kuingia majumbani mwa watu bila hodi. Na mpaka leo hawajatoka." Alivipanga vitu vya mezani: chupa ya siki ilikuwa Lisbon, kibakuli cha achari Goa, chupa ya pilipili Mombasa. Kidau cha chumvi kilikuwa Roma. Sahani yangu mimi, alisema, ndiyo hapa tulipo.

Basi nikala na dunia mbele yangu. Akaniambia juu ya balozi wa mfalme wa Kongo, aliyetumwa kwa Papa, akasafiri miaka na miaka, akaibiwa baharini, akafika Roma mgonjwa na kufia huko mara tu baada ya kufika. "Mtu kutoka Kongo, mwaka elfu moja mia sita na nane! Papa mwenyewe akamwendea kitandani. Na mwaka huo huo Wafaransa wanapigilia misumari kibanda chao cha kwanza Quebec, hapo juu mtoni." Akasukuma mkate mkavu kando ya sahani yangu, ndio Quebec. Nilikuwa nimesoma shule, sikatai, lakini nilisomeshwa miaka ile kama kanda zilizokatwakatwa: huku Wareno, kule Wazungu wengine, kila mmoja kwenye sura yake. Sikuwahi kufikiri kwamba walikuwa wakipumua kwa wakati mmoja.

Siku ya kwanza aliponipikia sima ya haki, ngumu, na mchuzi wa samaki wa nazi, nilikula nusura nilie. Nikasema, kwa ujinga wangu, "Mwalimu, leo nimekula chakula cha kwetu." Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Cha kwenu? Mahindi haya yametoka huku! Watu wa bara hili ndio waliyalima, karne nyingi, mahindi na maharage na maboga shamba moja. Wareno wakayachukua wakayaleta kwetu. Na pilipili, na muhogo, na nanasi, na korosho. Ondoa vitu vya huku, nyanya yako wa nyanya yako angekula nini?" Nikatazama lile donge mkononi. Miezi mizima nilikuwa nikijiona mkiwa kwa sababu hakuna sima hapa, na kumbe ndiko kwao. Theluji ilipoyeyuka alinipeleka kwa gari lake mpaka mto Humber, akanionyesha bonde, akasema hapo palikuwa na njia ya miguu, watu wakibeba mitumbwi yao mabegani kutoka ziwa hili kwenda maziwa ya kaskazini, tangu zamani hizo na kabla yake. Magari yalikuwa yakivuma juu ya daraja. Mimi nilisimama kwenye matope na viatu vya kazini, nikahisi nimesimama kwenye kibaraza cha mtu.

Na Mushtari! Hilo siwezi kuliacha. Jioni moja ya baridi, jua limezama saa kumi na moja kama kawaida ya nchi hii, nilikuwa kituo cha basi Malton, nikaona taa ya ndege juu ya ghala. Nikaingoja ishuke. Haikushuka. Ndege nyingine zote zilipita, ile ikabaki pale pale, nyeupe, haipepesi. Nilipofika nyumbani nikamweleza Mwalimu, naye akanivuta mpaka mlangoni, aproni bado kiunoni mwake, tukatazama juu. "Hiyo ni sayari, Mushtari, kubwa kuliko zote," akasema. "Mwaka elfu moja mia sita na kumi Mtaliano mmoja aliielekezea bomba lenye vioo, akaona vinyota vinne vinaizunguka. Hapo ndipo alipojua si kila kitu kinatuzunguka sisi." Tukasimama pale bila makoti, bibi wa Kigoa na mpakuzi wa mizigo, mpaka nikahisi masikio yataanguka. Subhanallah, nilisema. Yeye akafanya ishara ya msalaba. Tukarudi ndani kunywa chai.

Nilikuwa nimeshamwambia neno la baba. Alilisikia, akaguna tu.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti. Katikati ya mwezi huo ni sikukuu ya Mama Maria, na Mwalimu alikuwa na desturi aliyoachiwa na nyanya yake: kesho yake aliwaita marafiki wachache wa kanisani, wakala, halafu wakawaombea Wakristo waliouawa Ngomeni Mombasa, ile ngome ya Wareno, mwaka elfu moja mia sita thelathini na moja. Mimi sikujua. Nilialikwa mezani kama siku zote, nikawekewa kuku wangu mbali na vya nguruwe. Mwalimu akasimama, akaanza kusoma dua yake kwa moyo, na ndani yake nikasikia: "...waliouawa na yule msaliti."

"Msaliti nani?" nikauliza.

"Yule mfalme wa Mombasa," akasema bila kufungua macho. "Aliyelelewa na mapadri kwetu Goa, akabatizwa, akavikwa taji, kisha akaingia Ngomeni siku ya amani na kumchoma jambia kapteni wa Kireno."

Jamani, mimi ni mtoto wa Kibokoni. Ngome ile ndiyo iliyokuwa ukuta wa mchezo wetu. Utotoni tulicheza kuiteka kila jioni baada ya chuo cha Kurani, na magomvi yetu yote yalikuwa nani atakuwa mfalme, maana hakuna aliyetaka kuwa kapteni. Nikacheka. Nikasema, "Mwalimu, huyo si msaliti, huyo ndiye shujaa wetu!" Nikaendelea na kuwaonyesha tulivyokuwa tukicheza, jinsi kapteni anavyotoa macho, anavyoanguka. Niliigiza vizuri, nakwambia. Hakuna aliyecheka. Rafiki mmoja wa Mwalimu alikuwa ameshika rozari imesimama katikati ya vidole.

"Walikuwemo wanawake, Salim," Mwalimu akasema polepole. "Na watoto. Watu wenye majina kama langu. Waliambiwa wachague, wasilimu au wafe, wakachagua, wakauawa."

Nami damu imeshapanda. "Na baba yake yeye, nani alimuua? Si hao hao Wareno? Kichwa cha baba yake si kilipelekwa Goa? Yeye akapelekwa huko huko, mtoto mdogo, akabadilishwa jina na dini. Mtu huyo mlitaka awapende?"

Mwalimu akaanza kukusanya sahani, zingine zimejaa bado. Wageni wakatafuta makoti ambayo hawakuja nayo, kwani ilikuwa Agosti. Mimi nikashuka chumbani. Alininunia, nami nikamnunia. Siku zile niliporudi kazini nilikuta chakula kimefunikwa mezani na taa ya jikoni imezimwa. Hakuna mwaka, hakuna Roma wala Quebec, kidau cha chumvi kimerudi kuwa chumvi. Nilianza kuulizia chumba kingine Thorncliffe Park. Niliona ajabu moja ambayo hata leo sijaimaliza: watu waliokufa karne nne zilizopita, mifupa yao imekuwa mchanga, na bado waliweza kunifukuza chumbani Mississauga.

Siku moja mchana msimamizi akaniita ghalani, akasema kuna mama yako nje. Mama yangu? Nikatoka. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya gari lake, chini ya jua, amejifunga mtandio kichwani. Hakuwahi kuja Malton. Aliogopa malori. Hakunitazama machoni. Akasema, "Salim, ndugu yako amepiga simu. Baba'ko hali yake si nzuri. Vua hayo mafulana, twende nyumbani."

Mtu wa kwingine angesikia kwamba baba yangu ni mgonjwa. Lakini sisi wa Mombasa hatumwambii mtu njiani kwamba amefiwa. Tunamwambia mgonjwa wake hajambo kidogo, hali si nzuri, twende nyumbani, mpaka akae chini penye watu. Yule mama aliijua desturi hiyo kama alivyoijua dua ya nyanya yake. Na kwa sababu aliijua, nami nikajua. Nikaingia garini, naye akaendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, midomo ikimcheza. Tulipofika akanikalisha kwenye kochi lake, akaketi karibu yangu, ndipo akasema, "Amefariki alfajiri. Wameshamzika." Nikalia kama mtoto. Aliniwekea mkono mgongoni, hakuuondoa.

Kurudi sikuweza. Karatasi zangu za kukaa nchini zilikuwa bado ofisini. Nikitoka kabla hazijajibiwa mlango unafungwa nyuma yangu, na baba mwenyewe aliniambia nisihangaike. Kilichobaki ni lile neno lake. Jioni Mwalimu akaniletea chai, akauliza, "Mtamsomea wapi?" Nikasema sina pahali. Msikiti tuliokuwa tukisali ulikuwa chumba cha kukodi, hupewi ila saa ya sala. Nikasema nitamsomea chumbani kwangu, huko chini, peke yangu, Mungu atasamehe.

Akaweka kikombe chini kwa kishindo, chai ikamwagika sahanini. "Huko chini? Peke yako? Kama mwizi?" Kumbe alilihifadhi. Akainuka, akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Nisikilize. Yule mfalme, unajua mambo yalianzaje? Mimi nimeyasomesha miaka yote na sikuyasikia mpaka leo. Alikuwa akienda kaburini kwa baba yake kwa kujificha, amuombee kwa dini ya baba yake. Akapelelezwa, akachongewa kwa kapteni. Ndiyo akawahi yeye kabla hajakamatwa. Watu wale wote, Salim, watu wangu na watu wako, kwa sababu mtoto hakuachiwa amuombee baba yake mchana kweupe. Hapa nyumbani kwangu hakuna mtu atakayejificha kumuombea baba yake. Utasomea hapa. Sebuleni. Waite watu."

Nikatazama ukutani, watakatifu wote wale wananitazama. Siku ya hitma niliamka nikakuta ukuta mtupu, umejaa miraba ya rangi mpya mahali picha zilipokuwa. Alizishusha zote mwenyewe, pamoja na ile ya taa nyekundu, akazilaza kitandani kwake na kuzifunika shuka. "Zimezoea safari," akaniambia. "Zimetoka Goa mpaka Mombasa, Mombasa mpaka huku. Mpaka chumbani si mbali."

Watu wakaja. Wenzangu wa ghalani, Wasomali, Watanzania wawili niliowafahamu kwa salamu tu, Mpakistani mmoja mzee aliyesikia msikitini kwamba kuna kijana amefiwa na hana watu. Viatu vikajaa mlangoni mpaka barazani. Tukagawana juzuu, kila mmoja yake, na nyumba ile ikaanza kuvuma ile sauti ya watu wengi wakisoma kila mtu mahali pake, sauti niliyokulia nayo Kibokoni na ambayo sikutegemea kuisikia tena. Mwalimu alikaa kwenye ngazi, mtandio kichwani, mikono mapajani, hakutikisika mpaka dua ya mwisho. Nilipotaja jina la baba, Athmani, nilimsikia naye anasema amina. Halafu akatoa kahawa chungu yenye tangawizi, na sinia ya kitu cheusi kinachong'aa. Wale Watanzania wakala, wakarudia, wakaniuliza halua hii inaletwa kutoka duka gani la Mombasa. Ilikuwa dodoli, tamutamu ya Kigoa ya nazi na sukari guru. Aliikoroga tangu alfajiri.

Nilikaa kwake mpaka karatasi zikajibiwa, kisha nikapata maisha yangu, mke, nyumba Brampton. Tulitembeleana, tukapigiana simu za Idi na Krismasi. Juu ya mfalme hatukurudi tena. Kila Agosti alinialika chakula, kila Agosti nikatafuta udhuru, kwa kuwa sikutaka wageni wake washike rozari na kunitazama. Nilidhani dua ile imebaki vile vile.

Ukumbi ulikuwa umeanza kutulia Lorna aliporudi. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akavua viatu chini ya meza. "Ile dua ya Agosti," akasema, "sasa imeniangukia mimi. Najua majina ya Ngomeni. Lakini mwishoni Mama alikuwa na watatu wake. Huwataja kwa Kiswahili, nasi wote, mimi na wanangu na wajukuu, tunaitikia utuombee. Padri nimemuuliza, hawajui. Nimetafuta kwenye vitabu vya watakatifu, hawamo." Kisha Lorna, ambaye sijapata kumsikia akisema Kiswahili, akafumba macho na kusema kwa sauti ya mama yake, herufi kwa herufi: "Na mwana wa mfalme. Na baba yake. Na Athmani wa Kibokoni."

Nikacheka. Machozi yananitoka nacheka, sambusa imenikwama, yule mama wa kijiko akanitazama kwa mbali akifikiri nimechanganyikiwa. Baba yangu! Mshona kanzu, mgomvi wa domino, miaka yote hii anaombwa na Wagoa wa Mississauga awaombee. Lorna akanishika mkono akingoja. Nikamweleza mwana wa mfalme ni nani, yule yule aliyekuwa msaliti, na baba yake. Kisha nikasema, "Athmani ni baba yangu mimi."

Akaniuliza, "Si mtakatifu?"

"Hata kidogo."

"Basi niendelee kumtaja, au nimtoe?"

"Endelea," nikamwambia. "Hapendi kusomewa na mtu mmoja."